Mtoto Usimwache Kwangu

Nyambura mwanangu,

Wewe uko kwa msusi, na vile huyo mama husuka akipiga stori, najua niko na mchana mzima wa kuandika. Wangeci wako, somo wangu, amelala hapa kando yangu. Ametoa mguu mmoja nje ya blanketi, nikiurudisha anautoa tena. Baba yako ameenda kwa jirani kuangalia ndama, kwa hivyo nyumba imetulia. Naandika kwa sababu nikikwambia kwa mdomo utanikatiza, na mimi nitakukatiza, na mwishowe tutagombana juu ya uji.

Wacha nianze na neno lenyewe. Kesho asubuhi unaenda Meru kuanza kazi ya ualimu, na tulipatana mtoto abaki hapa Karatina na mimi. Nimwachishe nyonyo, nimlee mpaka utulie kazini, nawe uwe ukija wikendi. Tulipatana hata namna ya kuondoka: mimi nimpeleke jikoni nimwonyeshe paka, wewe upite mlango wa mbele na begi lako. Huo mpango ni wangu wote. Wewe uliukubali shingo upande, na mimi nikajifanya sijaona shingo yako. Sasa mimi mwenye mpango naubomoa. Mtoto usimwache kwangu. Nenda naye.

Najua umesimama hapo unasema, "Haiya! Mum naye!" Keti chini usome mpaka mwisho.

Sikuandikii mambo ya joto la maji ya kuoga wala ni lini apewe ndizi ya kupondwa. Hayo uliulizia kliniki, umesoma kwa simu, na umebishana na mimi tangu siku ya kwanza. Mara nyingi ulikuwa sawa, hata kama sikusema. Mimi ndiye nilikupeleka kliniki ukiwa na wiki sita umevaa sweta tatu, kofia mbili na shali, mwezi wa baridi, mpaka ukatoka vipele shingoni. Nesi alikuvua nguo moja baada ya nyingine akizipanga juu ya meza, akaniuliza, "Mama, umeniletea mtoto ama umeniletea belo la mtumba?" Wamama wote kwenye foleni walicheka. Nilikasirika mwezi mzima, lakini vipele vilipona siku ya pili. Makosa ya namna hiyo utafanya mengi, na mtoto atakua tu. Lile ninalotaka kukueleza si la namna hiyo.

Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yako alikuwa fundi wa mawe huko Nanyuki, akija mwisho wa mwezi. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimepata kibanda sokoni, nikaanza kuuza nguo za mtumba za watoto. Belo likifunguliwa alfajiri, wale wa kwanza kufika ndio wanachagua zile nzuri kabisa, zile tunaita kamera. Ukichelewa, unabaki na soksi zisizo na wenzao. Na wewe ulikuwa unataka nyonyo alfajiri hiyo hiyo, na ukinyonya huachi.

Wakati huo hakuna aliyeuliza mara mbili. Mtoto akikataa kuacha nyonyo, anapelekwa kwa cucu, nyanya yake, wiki mbili, anasahau, unamrudia. Mama yangu alinifanyia hivyo, dada zangu wakafanyia watoto wao hivyo, na wamama wote sokoni wangekwambia ndiyo dawa. Basi nikakupeleka Kangari kwa mama yangu, na nguo zako kwa mfuko. Alikuchukua akakwambia, "Njoo uone kuku." Mlienda upande wa kuku. Mimi nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapita kwa majani chai nimeinama, mtu mzima, ili usione kichwa changu. Nilikusikia ukicheka kuku. Nilifika barabarani nikijisifu, nikasema mtoto wangu ni rahisi, hata hakulia.

Ulilia. Cucu wako aliniambia baadaye sana. Kuku walipokuchosha uligeuka kunionyesha kitu, ukakuta sipo. Ulizunguka ile nyumba mara nyingi, ukirudi kila mara upande ule uliponiona mwisho.

Wiki mbili zikaisha. Nikapiga simu, mama akasema, "Ametulia sasa. Ukija utamharibu. Ngoja mwezi uishe." Mwezi ukaisha, shule zikawa zinafunguliwa, sokoni watu wamejaa, nikasema ngoja kidogo. Nyambura, sikukaa chini siku moja nikaamua kukuacha miaka miwili na nusu. Ningekuwa niliamua, pengine ningeshtuka. Ilikuwa ni ngoja kidogo, halafu ngoja kidogo.

Nilikuwa nakuja Jumapili, si zote. Nakuja na mkate, nakubeba, tunakula, halafu saa ya kwenda ikifika mtu anakwita uone kitu. Kuku. Ndama. Gari barabarani. Nami napita nyuma. Mwanzoni, nikifika tu, ulikuwa unashika sketi yangu na hata ukiitiwa peremende huiachi. Baadaye ukaacha kushika. Nilifurahi! Nikaambia wenzangu sokoni kwamba msichana wangu amekomaa. Nilikuwa sijui ninachotazama.

Na wakati wote huo kazi yangu ilikuwa watoto. Unanijua. Mama akisimama mbele ya kibanda na mtoto amefunikwa mgongoni, hata sijaona miguu, namwambia huyu anavaa ya miezi tisa, huyu ni mdogo lakini kiuno kipana, chukua hii. Sikosei. Watu hutoka mpaka Othaya kuja kwangu kwa sababu sikosei. Basi Jumapili moja nikakuchagulia gauni la manjano, kamera kabisa, lenye mfuko mbele. Nikalificha wiki nzima lisinunuliwe. Nikafika Kangari, nikakuvua sweta, nikakuvalisha. Likakwama masikioni. Nikavuta, likakataa. Wewe ulisimama mikono juu, uso ndani ya gauni, kimya, ukingoja nimalize. Mama yangu alikuwa anapepeta maharagwe. Aliniangalia akasema, "Wangeci, huyu mtoto unayemnunulia ni wa mwaka gani?"

Nilirudi na lile gauni nikaliuza siku ya pili, na mama aliyelinunua hakuhitaji hata kupima.

Lakini unadhani nilikuchukua wiki hiyo? Sikukuchukua. Nilikuchukua ulipofika umri wa nasari. Nilikuja asubuhi bila kusema, na ukaniona kutoka mbali nikipanda ile njia. Ulikimbia ndani. Nikajua umeenda kuambia cucu, mami amekuja. Ukatoka na kiti. Kile kifupi cha miguu mitatu, umekikumbatia kwa tumbo, ukakiweka mbele yangu, ukakipangusa na kiganja. Ukaniambia niketi, cucu anakuja. Ulikuwa umefunzwa vizuri, mgeni huletewa kiti. Mama yangu alipotoka aliona aibu, akakwambia, "Si mgeni huyu! Ni mami yako." Ukamwangalia kama ametania, ukamshika mkono, ukaniambia, "Mami ni huyu."

Niliketi kwa hicho kiti. Nilikunywa chai. Sikulia mbele yenu, nililia barabarani.

Sitaki umlaumu cucu wako. Alikulea vizuri kuliko nilivyostahili, na mapenzi uliyo nayo kwa majani chai na kwa mvua yalitoka kwake. Siku niliyokuchukua alikaa mlangoni na hakutuaga. Mimi nilidhani amenikasirikia. Leo nafikiri alikuwa anajifunza upande ule mwingine, ule wa kubaki. Huo upande nitaurudia, kwa sababu sasa unanihusu.

Ulipofika hapa Karatina majirani walikusifu. Nyambura anakula anachopewa. Nyambura anaomba ruhusa kwenda choo. Nyambura anasema asante. Nikajivuna, nikasema mama yangu amefanya kazi. Ni kitanda tu ndicho ulichokuwa unalowesha. Na nilikuchapa, Nyambura. Mara tatu, na kamba ya mfuko. Ulikuwa huelewi uko kwa nani, na huyo mtu akakuchapa. Hujawahi kunitajia hata ukiwa na hasira, na mimi sijawahi kukuomba msamaha. Naomba sasa. Nisamehe.

Halafu ikaja ile siku ya viatu. Hiyo naamini unaikumbuka kidogo. Ilikuwa likizo, uko na mimi sokoni, mvua imenyesha, ardhi yote ni matope. Ukaona viatu vyekundu kwa jirani yangu, ukavitaka. Nikakwambia hapana. Wewe, mtoto wa asante na naomba, ukajitupa chini. Ukapiga kelele mpaka wauzaji wa viazi wakasimama kuangalia. Ukavuta nguo zangu kutoka mezani, zile nilizokuwa nimefua na kukunja, ukazikanyaga kwa matope ukiniangalia usoni. Wamama wakaniambia, "Chapa huyo! Anakupanda kichwani!" Yule jirani wa viatu akanitolea mwiko wa kukuchapia.

Nilikuwa nimeshauinua mkono. Na hapo ndipo niliona kitu, na sijui ni nini kilichonionyesha kama si Mungu. Mtoto hajitupi matopeni mbele ya mgeni. Mbele ya mgeni anakaa sawa, anasema asante, anangoja gauni litoke masikioni. Miezi saba yote ulikuwa na adabu kwa sababu ulikuwa kwa watu. Siku hiyo ulikuwa unanijaribu kama mtu anavyojaribu daraja, uone kama nitakuacha. Nikaketi kwa matope, na hii sketi yangu ya kanisani. Nikakushika. Ulinipiga, ukaniuma hapa mkononi, halafu ukalia kilio kirefu sana ambacho hakikuwa cha viatu. Nilikaa nawe mpaka kikaisha. Wamama wakaguna wakarudi kwa biashara zao. Viatu sikununua, hata leo nasema havikukufaa.

Tangu siku hiyo ukawa mtundu. Lo! Ulivunja themosi, ulikata nywele za mtoto wa pasta, ulikataa kabeji miaka miwili. Nami kila ukikosea nilikuwa nakukemea na moyoni nafurahi, ambayo si njia ninayoweza kumshauri mtu.

Sasa nikuambie kwa nini nilikushawishi umwache Wangeci. Ulipomzaa, na babake akawa amekwenda zake, ulimpa mtoto jina langu kama desturi inavyosema. Nilifurahi kupita kiasi. Kanisani nikawa natangaza, huyu ni mimi nimezaliwa tena. Wewe mwenyewe unamwita mami. Basi ulipopata kazi nikasema, mwache, si unaniachia mimi mwenyewe? Watu wakacheka, nawe ukacheka. Ikaonekana ni jambo la kawaida, hata la heshima.

Lakini sikuwa nakusaidia. Nilikuwa nataka kupewa ile miaka yangu tena. Nilitaka mtoto anayejifunza kutembea mbele yangu, anayeota meno nikiona, ambaye nguo zake sitazikosea. Niliiona hiyo miaka iko hapa nyumbani, imelala kitandani kwangu, na nikanyoosha mkono kuichukua. Ni yako. Ningekuibia nikiimba.

Na nilikutisha. Nilikwambia shuleni watakucheka ukija na mtoto. Nilikwambia yule mama mwenye nyumba huko Meru, ambaye anakaa na watoto wa walimu mchana, hawezi kuaminika, na mimi hata sijawahi kumwona. Wewe ulimwona. Ulikaa kwake nusu siku, ukaona watoto wawili wana furaha na makamasi, uji uko tayari, mlango una komeo juu. Ulirudi umeridhika, mimi nikakuondolea hiyo raha kwa maneno ya kutunga.

Tangu Alhamisi umekuwa ukiweka majani ya kabeji kifuani ili maziwa yakauke. Mtoto akilia unakimbilia bafuni unafungulia maji. Unadhani sisikii. Nasikia, na jana nilikuwa bado najiambia utazoea.

Leo asubuhi ndipo nilivunjika. Wewe mwenyewe ulisema, "Mum, hebu tufanye mazoezi." Nikampeleka kuona paka, nawe ukapita mlango wa mbele kwenda kwa msusi. Alicheka paka vizuri sana. Halafu akageuka. Akatambaa kutoka jikoni mpaka sebuleni, akaangalia nyuma ya kiti, akaenda mlangoni. Akaweka kiganja kwa mbao. Nilingoja alie, nilikuwa na biskuti tayari mkononi. Hakulia. Alikaa pale ametulia tu, mtoto rahisi. Nikaweka biskuti chini, Nyambura. Nilikuwa naona kile ambacho sikukiona Kangari kwa sababu nilikuwa nimeinama kwa majani chai.

Kwa hivyo itakuwa hivi, na usinibishie. Kesho tunaenda watatu. Nitakaa nanyi wiki tatu, kibanda ataniangalizia jirani wa viatu, ambaye anajua hesabu kuliko anavyojua watoto. Nitalala sakafuni, nimelala pabaya zaidi. Wiki ya kwanza tutaenda kwa huyo mama pamoja, mtoto aizoee sura yake akiwa mapajani kwako. Ya pili utamwacha saa chache. Ya tatu mimi nitakuwa napika tu na kukaa mbali. Na hayo majani ya kabeji yatoe, umnyonyeshe asubuhi na jioni. Maziwa yatakubali, yakikawia usiogope.

Kitu kimoja tu nakuomba ushike, na mengine yote unaweza kunipuuza kama kawaida yako. Kila asubuhi muage. Mtazame usoni, mwambie naenda, nitarudi, halafu uende, akikuona. Atalia. Atakulilia kwa sauti ya kuaibisha, na huyo mama mwenye nyumba atakwambia, "Si uende tu akicheza?" Kataa. Kilio cha mtoto anayejua umeenda wapi hakinitishi hata kidogo. Na jioni ukirudi umechoka, madaftari kwa mfuko, atakuonyesha ubaya wote aliouweka tangu asubuhi. Kwa huyo mama atakuwa malaika, kwako atatupa kikombe. Usidhani umeshindwa kulea. Anatua mzigo pale anapojua patampokea.

Utakosea, tena vizuri. Utamfokea siku moja, utasahau siku ya chanjo, utampa simu achezee ili usahihishe mitihani. Sitasema neno. Sawa, nitasema, lakini neno moja. Mimi nilikosea jambo kubwa na bado nina binti ambaye ananibishia jikoni kila siku ya Mungu, na anayekuja kwangu akilia. Yale ya Kangari hayakutumaliza, kwa hivyo siandiki hii kwa woga. Naandika kwa sababu ninajua.

Wiki tatu zikiisha nitarudi hapa kwa baba yako, na itaniuma. Hiyo niachie, ni yangu, na nimeshaikubali. Mtakuja likizo na atanisalimia kama cucu, aniite cucu, na hapo nitakuwa mahali pangu.

Ameamka. Ameketi, nywele zimesimama upande mmoja, ananitazama. Amenitabasamia. Sasa ananipita kwa macho, anaangalia nyuma yangu, anaangalia mlango. Nimemnyooshea mikono na amekataa. Mdomo unaanza kutetemeka.

Analia! Analia kwa sauti kubwa, Nyambura, anasema mama, mama, na si mimi anayemwita. Nimemwambia ukweli: mama yako ako kwa msusi, twende. Natafuta leso nimfunge mgongoni, na barua nitakupa mkononi. Nywele zikiwa nusu, ziache nusu. Tunakuja.

Mama yako,
Wangeci mkubwa